Kwa nini harufu ya limau haikai, na la kufanya kabla ya harusi

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa Tanga, najifunza kutengeneza manukato nyumbani. Kaka yangu anaoa baada ya miezi miwili nami nimeahidi kuwapa wageni vichupa vya manukato ya limau. Nilinunua mafuta ya limau, nikatia kijiko 1 kwa vijiko 9 vya mafuta ya nazi. Yalinukia vizuri mno, lakini baada ya robo saa hakuna kitu. Nikaongeza: vijiko 3 kwa vijiko 7. Sasa yananuka kama sabuni ya kuoshea vyombo, na bado hayakai. Shangazi yangu alijipaka shingoni asubuhi akaenda shambani. Siku ya pili shingo ilikuwa nyekundu, sasa ina madoa meusi. Je, niliuziwa mafuta ya bandia? Na nifanyeje limau likae?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na shangazi, maana harufu inaweza kungoja, shingo ya mtu haingoji.

Yaliyompata si mzio wa kawaida wala si dalili kwamba mafuta ni ya bandia. Kwa hakika yanaelekea kuonyesha kwamba mafuta ni ya kweli. Ganda la limau, likikamuliwa baridi bila moto, hutoa pamoja na harufu vitu vizito viitwavyo furanokumarini. Vitu hivi vikiwa juu ya ngozi havina neno mpaka jua livipige. Mwanga wa jua ndio unaoviamsha, na ngozi inaungua hapo vilipo, mara nyingine kwa umbo lile lile la vidole vilivyopaka. Wekundu hupungua, kisha hubaki weusi unaoweza kukaa majuma au hata miezi kabla ya kufifia. Mwambie afunike shingo kwa mtandio akitoka nje, asijisugue kwa dawa za kung'arisha ngozi, na kama kuna malengelenge aende hospitali akaonwe.

IFRA, chama cha kimataifa kinachowawekea watengenezaji wa manukato mipaka ya usalama, kinasema mafuta ya limau yaliyokamuliwa baridi yasizidi 2% katika kitu kinachopakwa na kubaki kwenye ngozi yenye kuonwa na jua. Wewe ulianza na 10%, ukapanda mpaka 30%. Ndimu ni kali zaidi: mafuta ya ganda lake yaliyokamuliwa mwisho wake ni 0.7%, na bergamoti, lile tunda la Calabria, Italia, ambalo ganda lake hutia harufu chai ya Earl Grey, mwisho wake ni 0.4%. Yale yanayotolewa kwa mvuke hayana shida hii, kwa kuwa furanokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke. Lakini mafuta ya limau ya mvuke harufu yake imepooza kidogo, na ndiyo maana sisi wa kazi hii huvumilia yale ya kukamua na kuheshimu kipimo chake.

(Nikisema limau nina maana ya lile kubwa la manjano lenye chuchu. Ndimu ni ile ndogo ya kijani. Najua bara watu wengi huyaita yote ndimu, na muuzaji naye huandika apendavyo kwenye chupa, kwa hiyo uliza, ama tazama jina la kitaalamu: limau ni Citrus limon.)

Sasa harufu. Fanya hivi usiku wa leo: washa mshumaa, kata kipande cha ganda la limau, ukikunje kwa vidole karibu na mwali, upande wa rangi ukielekea moto. Utaona vimulimuli vikiruka na kuwaka. Ndiyo mafuta yenyewe, yamekaa katika vifuko vidogo vya ganda, wala hayamo kwenye maji ya ndani. Wengi hukamulia maji ya limau kwenye manukato wakidhani wanaongeza harufu, kumbe wanatia asidi na maji yatakayoharibu chupa nzima. Huko Sicily, kabla ya mashine, wafanyakazi walikuwa wakibonyeza maganda kwa mkono juu ya sponji, kisha wanaikamua sponji ndani ya chungu. Tani nzima ya malimau hutoa kilo chache tu za mafuta. Siku hizi Argentina, hasa jimbo la Tucumán, ndiyo inayotoa malimau mengi ya viwandani, lakini namna ni ile ile: bonyeza ganda, nasa kinachoruka.

Na hicho kinachoruka, kuruka ndiyo kazi yake. Karibu theluthi mbili ya mafuta ya limau ni limonini, kitu kile kile kinachojaza ganda la chungwa kwa zaidi ya 90%. Limonini ni nyepesi sana, na peke yake wala hainukii limau. Inanukia kitu cha jamii ya machungwa tu, hakijulikani ni kipi. Kinachokufanya useme "hili limau" ni sitrali, na hiyo ni 2% hadi 3% tu ya mafuta yote, wakati mwingine zaidi kidogo. Limonini huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi, sitrali kwenye 229 hivi. Ukijipaka, limonini inaondoka mbio na inavuta pua zote kwako, sitrali inafuata nyuma yake, na baada ya robo saa mpaka nusu saa kwenye ngozi yenye joto la Tanga umebaki na mafuta ya nazi. Ukitia mara tatu hupati muda mara tatu. Unapata mwanzo wa kelele zaidi, halafu ukimya ule ule.

Wafaransa hugawa manukato katika kichwa (kinachonukia kwanza na kuondoka kwanza), moyo na msingi, na limau ni kichwa. Halijaumbwa kukaa, na yeyote anayekuuzia "limau linalokaa saa 12" anakuuzia kitu kingine kilichovaa nguo za limau. Silaumu, mimi mwenyewe nafanya hivyo, na nitakuonyesha.

Kwanza sabuni. Pua yako haijakosea, imefundishwa. Kwa miaka mingi viwanda vya sabuni vimetia limau kwenye kila kinachosafisha sinki, hasa vitu vya kutengenezwa vyenye harufu ya limau visivyoharibika haraka kama sitrali ya asili. Kwa hiyo limau kali na safi, bila mwenzake, humpeleka mtu jikoni kabla hajafikiri. Ukiliongezea mnanaa au msonobari umefika msalani. Ukiliongezea vanila limekuwa biskuti. Dawa yake ni kulichafua kidogo: liwekee kitu chenye udongo, moshi au kiungo, pua ipotee njia ya kwenda kwenye sinki. Iliki ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu ina ubaridi wake wenyewe wenye asili ya limau lakini hakuna sabuni ya vyombo inayonukia iliki. Pilipili manga pia. Tangawizi nayo, kwa mkono mwepesi.

Kuhusu bandia: nimeshasema madoa ya shangazi yanawatetea waliokuuzia. Lakini kwa siku zijazo, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka kesho. Mafuta yaliyokamuliwa kweli huacha alama hafifu ya manjano, ile nta na vitu vizito vya ganda. Ya mvuke hayaachi kitu. Likibaki duara pana la grisi kama la chapati, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au ya kupaka. Udanganyifu wa kitaalamu zaidi, wa kuchukua limonini ya machungwa na kuitia sitrali ya mchaichai, hutaugundua kwa karatasi. Huo unagunduliwa na bei: mafuta ya limau yakiwa rahisi sawa na ya machungwa, kuna jambo. Na usidanganywe na maandishi ya boksi. Sheria za Ulaya zinawalazimisha watengenezaji kutaja limonini na sitrali zikizidi 0.001% katika kitu cha kupaka, kwa ajili ya wenye mzio, kwa hiyo utaona majina hayo hata kwenye manukato ya waridi. Si ushahidi wa limau, wala si ushahidi wa sumu.

Limau likae vipi, basi? Haliwezi kukaa, ila linaweza kupokewa. Unataka, lile la kweli linapoondoka, kiwepo kitu kingine kinachofanana nalo kidogo na kizito zaidi, halafu nyuma yake kingine. Mtu anayenusa asione pengo.

Wa kwanza kupokea ni mchaichai. Mafuta yake ni sitrali kwa 70% na zaidi, ndiyo maana chai yake inanukia limau bila limau. Pemba, kule wanakotoa mafuta ya makonyo ya karafuu, hutoa na ya mchaichai. Lakini tia kidogo sana, kwa sababu mbili: sitrali nyingi huwasha na kuzoesha ngozi mzio, na mchaichai ukizidi harufu inakuwa ya mshumaa wa kufukuzia mbu. Wa pili ni majani ya mdanzi. Mafuta yake ni makavu, ya kijani, yana uchungu mdogo kama kijiti kilichovunjwa, na yanalishika limau kwa mkono wa ndugu, kwa kuwa danzi na limau ni ukoo mmoja.

Wa tatu ndiye watu wa kwetu tunaye nyumbani na hatumtumii: ubani. Chukua punje ya ubani mzuri wa Oman, ule mweupe wenye kuelekea kijani uitwao hojari, uitafune ama uivunje tu bila moto. Harufu ya kwanza ni limau na msonobari. Mafuta yake kwa kweli yana limonini na wenzake ndani, lakini chini yake kuna utomvu unaokaa saa nyingi. Moto wa chetezo huunguza ule upande wa limau, ndiyo maana tumezoea kuujua ubani kwa moshi tu. Ukitumia mafuta ya ubani yaliyotolewa kwa mvuke chini ya limau, utapata kitu ambacho baada ya saa 3 mtu bado anakiita limau. Kwa kunusa kwangu hakuna mwenza bora, na sioni haya kusema kwamba upande wetu wa bahari tulikuwa na jibu kabla ya kuulizwa swali.

Njia ya maabara ipo pia, nayo naitumia. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska alitengeneza Eau Sauvage kwa ajili ya Dior: limau na bergamoti mwanzoni, na ndani yake kitu kipya wakati huo kiitwacho Hedione, kilichopatikana kutokana na uchunguzi wa harufu ya asmini. Hedione peke yake karibu haina harufu. Ni kama dirisha lililofunguliwa kwenye chumba chenye asmini. Ila inaacha hewa na mwanga pale limau lilipokuwa, na pua inaendelea kuamini. Manukato mengi ya limau yaliyofuata yanafuata njia hiyo. Inauzwa na wanaouza malighafi za manukato, si ghali, ni ya upole kwa ngozi.

Hapo tunafika kwenye mafuta yako ya nazi. Usiyalaumu kwa yote, lakini hayakusaidii. Yana harufu yake yenyewe, yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na mafuta yoyote huibana limau: haliruki, linajikokota, unasikia nusu ya mwangaza wake. Spiriti hufanya kinyume, inaruka na kulibeba. Kama hutaki spiriti kwa sababu za ibada, hilo la halali na haramu muulize shehe wako; mimi ni mtu wa chupa. Tumia basi mafuta ya jojoba yasiyo na harufu, na ukubali kwamba limau litakuwa la kunong'ona. Ukitumia spiriti, iwe ethanoli safi ya 96%. Ile ya zambarau ya kusafishia na kuwashia jiko ina methanoli ndani, na methanoli ni sumu. Usiipake mtu.

Kipimo ninachokupa ni cha gramu 100, nacho kipime kwa mizani ndogo kama ya sonara, usihesabu vijiko wala matone. Limau lililokamuliwa gramu 1.8, mchaichai 0.2, majani ya mdanzi 0.6, iliki 0.1, ubani 1, Hedione 3, na miski nyeupe ya kutengenezwa 2. Spiriti inajaza zilizobaki, yaani 91.3. Changanya, funga, weka kabatini penye giza majuma 2, kisha chuja. Usionje kwa pua siku ya kwanza ukakata tamaa. Siku ya kwanza iliki inapiga kelele na ubani unanuka kama rangi ya ukutani. Unaona limau halijafika hata gramu 2? Kwa pua litakuwa kubwa kuliko zile 30 zako, kwa sababu sasa lina walioshika mwisho wake.

Jambo ambalo wanafunzi hawaliamini mpaka liwapate: limau linazeeka vibaya. Limonini ikikutana na hewa hubadilika, na yale mabadiliko ndiyo yanayoleta mzio zaidi kuliko limonini yenyewe. IFRA wanataka peroksaidi, yaani mazao ya mabadiliko hayo, katika mafuta ya aina hii isifike milimoli 20 kwa lita. Wewe huna maabara, una pua. Mafuta yakianza kunuka tapentaini, au yakiwa mazito na kunata kwenye kizibo, yamwage. Nunua chupa ndogo, weka kwenye friji, na yakipungua yahamishie kwenye chupa ndogo zaidi ili hewa isipate kiti. Ya mwaka jana usiyatie kwenye zawadi ya mtu. Kuna mwaka nilipoteza chupa nzima kwa kuiacha dirishani, penye jua, kwa sababu ilipendeza machoni.

Na yale maganda ambayo najua utajaribu kuloweka kwenye mafuta, kwa kuwa kila anayejifunza hujaribu: ganda bichi lina maji, na maji ndani ya mafuta ni kuvu ndani ya juma. Tengeneza nayo achari.

Sasa harusi. Nakushauri ugawe kazi mbili ambazo ulikuwa unazibebesha chupa moja. Uturuki mgeni akiingia nyumbani humiminiwa kolonya kiganjani, na maarufu kuliko zote ni ya limau, spiriti ya 80% yenye limau juu. Hata kwenye mabasi ya masafa marefu walizoea kuipitisha kwa abiria. Jina lenyewe limetoka mji wa Cologne, Ujerumani, ambako nduguye Mwitaliano Johann Maria Farina alifungua duka 1709, na humo wakauza maji mepesi ya limau, bergamoti na wenzao. Hakuna aliyeyalaumu maji yale kwa kutokaa, maana kazi yake ni kupoza mikono na kumwambia mtu amefika. Sisi tuna mrashi kwa kazi hiyo hiyo, tumezoea kuujaza marashi ya waridi. Ujaze limau: gramu 1.5 za limau na 0.3 za majani ya mdanzi kwa gramu 80 za spiriti, halafu ongeza maji safi pole pole. Ikianza kuwa na ukungu kama maji ya madafu, simama hapo, maji yametosha. Ilaze kwenye friji usiku mmoja, ichuje. Wageni wapewe viganjani mlangoni. Itaondoka kabla hawajakaa, na hakuna ubaya.

Vichupa vya zawadi vitiwe ile ya majuma 2. Andika kwenye karatasi yake kwamba ni ya nguo na ya jioni, na umwambie kila mtu asiipulize kwenye kanzu nyeupe, kwa sababu limau la kukamua huacha doa la manjano. Nguo zenu za nyumbani zifukizeni ubani usiku wa kuamkia harusi kama kawaida, zikipoa zipulizwe limau juu yake, kwenye pindo na mtandio. Hapo ndipo nilipolisikia limau likikaa kuliko mahali pengine popote.

Na chetezo kiwe mbali na mlango wenye mrashi. Spiriti ya nguvu hiyo inashika moto haraka, na makaa ya udi hayabishi hodi.